Siku Moja ya Kunyamaza

Tulikuwa sita siku ile, nikimhesabu na ng'ombe. Mzee mwenye nyumba, pale Izigo, alikuwa kwenye kigoda chake karibu na mlango. Mkewe hakukaa mahali pamoja, lakini alikuwepo, na alisikika. Balozi wetu wa nyumba kumi nilitoka naye Kaagya ili awe shahidi, akasinzia katikati ya ushahidi. Mdogo wangu anayenifuata, binti wa miaka kumi na sita, alikuwa amekaa juu ya nyasi laini zilizotandikwa sakafuni. Wa tano ni mimi. Wa sita ni ng'ombe wa pembe moja, ambaye mwili wake ulikuwa nje na kichwa chake kilikuwa ndani, maana mlango ulikuwa wazi na hakuna aliyemkataza. Majina nayaacha. Waliokufa hawawezi kunisahihisha, na mdogo wangu, ambaye yu hai, bado anafikiria la kunijibu.

Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa, mkoa wetu ukiitwa Ziwa Magharibi. Mikutano ilikuwa mingi, na watu wenye kusema walikuwa na kazi. Mimi nilisema kuliko wote. Kaagya waliniita Redio. Redio ya kweli ilikuwa moja tu, nyumbani kwa mwalimu, nayo ilizimika betri zikichoka. Mimi sikuwa na betri.

Sikuzaliwa hivyo. Baba alifariki nikiwa darasa la tano, mama akamfuata mwaka uliofuata, nikaacha shule nikabaki na wadogo watatu: huyu dada, na wawili wadogo sana. Nyumba yetu ilikuwa na ugonjwa mmoja. Ikinyamaza tu, wale wadogo walianza kulia. Kwa hiyo sikuiacha inyamaze. Nilisema nikimenya ndizi, nilisema nikichota maji, nilisema nikiwaosha miguu. Nikiishiwa na habari za watu nilieleza habari za sufuria. Wakazoea, wakawa wanalala nikiwa katikati ya sentensi. Mimi nami nikazoea, ila mimi sikulala.

Dada yangu alikuwa kinyume. Mwalimu alimwuliza swali Jumatatu, akalijibu Jumatano, mwalimu akiwa ameshasahau kwamba aliuliza. Jibu lilikuwa sahihi, lakini nani angelipa maksi? Watu walimwita mzito. Mimi nilimtetea kwa maneno mengi, mara nyingi kabla hajajua kwamba ametukanwa.

Sasa, shida yetu. Kwetu mtu ni kibanja chake, yaani shamba la migomba linaloizunguka nyumba, na kibanja ni mavi ya ng'ombe. Bila samadi migomba hukonda na kuanguka. Baba alikuwa na ng'ombe mmoja, naye aliuzwa wakati wa ugonjwa. Miaka minne baadaye mikungu yetu ilikuwa midogo hata mtoto aliweza kuubeba mmoja kwa mkono huku anaruka kamba. Ukoo ukaja kutazama. Baba yetu mkubwa alizunguka kibanja chote, mikono nyuma, kisha akatoa uamuzi: tungepewa mwaka mmoja. Akirudi akikuta migomba bado imekonda, wadogo watagawanywa. Mmoja angekwenda kwake, mmoja kwa ndugu wa Kamachumu, na dada angetafutiwa mume.

Nilimjibu kwa muda mrefu sana. Nilipomaliza alikuwa ameshafika barabarani.

Ndipo nikakumbuka kwamba baba alikuwa na rafiki Izigo, mtu mwenye ng'ombe. Kwetu mwenye ng'ombe wengi huweza kumpa asiye naye mmoja wa kufuga. Ng'ombe hubaki wa mwenyewe, ndama wa kwanza huwa wake, na wewe unapata maziwa na samadi. Hakuna karatasi. Kuna shahidi na maneno. Nikasema, kama ni maneno, basi nimeshapata ng'ombe.

Tukawaacha wadogo kwa jirani, tukapanda lori lililokuwa limebeba magunia ya kahawa, mimi, dada na balozi. Kutoka mjini Bukoba mpaka Izigo nilifanya mazoezi. Nilimfanya balozi awe mzee wa Izigo nikamwomba ng'ombe mara saba.

"Nimekupa," akasema balozi mara ya kwanza.

"Hapana, usinipe upesi hivyo, kataa kidogo."

"Nimekataa."

"Sasa kwa nini unakataa, mzee wangu?"

"Kwa sababu nina usingizi," akasema balozi, akafunika uso kwa kofia.

Dada alikuwa amekaa juu ya gunia, anatazama barabara inavyorudi nyuma. Nilimwuliza anafikiria nini. Tulipofika Kemondo nilimwuliza tena. Tuliposhuka Izigo akanijibu: "Nafikiria kama atakuwa mpole."

"Mzee?"

"Ng'ombe."

Mke wa mzee alitupokea njiani, kabla hatujaiona nyumba. Ninamkumbuka kwa furaha mpaka leo, kwa sababu alikuwa mtu wa kwanza niliyekutana naye aliyesema kuliko mimi.

"Karibuni, karibuni! Mmetoka Kaagya? Dada ya mama yangu aliolewa Kaagya, mume wake alikuwa na jino la dhahabu, mlimjua?"

"Alikufa sijazaliwa, mama, lakini jino lake tulisimuliwa."

"Mnaona! Na walisema mlilifanyaje alipokufa?"

"Wengine wanasema alizikwa nalo, wengine wanasema mjukuu wake anacheka huku amefumba mdomo."

Akanipiga bega kwa kicheko, nikamwambia jambo lingine, akaniambia mawili, tukaingia uani tukisema wote wawili kwa pamoja na kila mmoja akimsikia mwenzake vizuri kabisa. Balozi alisema baadaye ilikuwa kama kupita kati ya mashine mbili za kukoboa kahawa. Ng'ombe walikuwa wamerudi kutoka majini, wamesimama uani, nami nikawatazama upesi kwa jicho la kuhesabu. Dada alibaki nyuma kuwatazama taratibu.

Mzee alikuwa kigodani. Dada alipopata nafasi ya kuingia alipiga magoti akasalimu, mzee akaitikia, kila kitu kikaenda kwa mwendo wake. Mkewe akaleta kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, zile mbuni zilizochemshwa na majani yenye harufu kisha zikakaushwa. Kahawa hii ina kazi yake. Mgeni akitafuna hawezi kusema vizuri, kwa hiyo hutulia, na mwenyeji hupata nafasi ya kumtazama. Kila mtoto wa kwetu anajua. Mimi nilizisukuma zote shavuni nikaanza.

"Tata," nikasema, maana kwetu mzee wa umri ule ni baba, "mimi ni mtoto wa rafiki yako wa Kaagya. Alikwisha kufariki, na mama pia. Nimekuja kuomba ng'ombe wa kufuga, kibanja kinakufa, na kikifa wadogo zangu watagawanywa."

Hiyo ndiyo ilikuwa hotuba yangu nzima, na hata sasa naona ilikuwa nzuri. Laiti ningekufa hapo hapo ningekumbukwa kwa heshima.

Mzee alitazama mlangoni. Alitafuna mbuni moja. Nilivuta pumzi, nikaitoa. Nikavuta ya pili. Ya tatu sikuiweza.

"Ndama wa kwanza ni wako, tata, hilo halina mjadala."

Mzee akaendelea kutafuna.

"Na wa pili."

Kimya. Nyumba ile ilikuwa kubwa, ya msonge, na kimya chake kilikuwa kikubwa kama nyumba yenyewe. Masikioni mwangu niliwasikia wadogo wangu wanaanza kulia, na wadogo walikuwa Kaagya.

"Na wa tatu! Akizaa watatu. Na kwa nini asizae?"

Balozi alifungua jicho moja, akalifunga.

"Na maziwa?" akauliza mke wa mzee kutoka upande wa jikoni.

"Na maziwa!"

"Yatafikaje Izigo kutoka Kaagya, yasiharibike?"

"Tutayafanya samli, mama!"

"Na senene je? Kaagya mna senene wazuri."

"Senene wa msimu mzima, wamekwisha kunyonyolewa mabawa na miguu, nitawaleta mwenyewe kichwani!"

"Msikieni mtoto huyu!" akasema kwa furaha. "Na rubisi?"

"Mtumbwi mzima, tutakanyaga ndizi mpaka miguu ilewe!"

Mzee alichukua mbuni nyingine kikapuni, akaigeuza, akairudisha, akachukua ya jirani yake. Nilimwona anafikiri, na nilifikiri najua anachofikiri: huyu hajatoa vya kutosha. Nikaahidi kupalilia kahawa yake. Nikaahidi kuezeka nyumba yake upya, nyumba ambayo nilipoinua macho niliona imeezekwa juzi tu. Nikaahidi mikungu kumi na miwili kila Krismasi, kutoka kwenye kibanja kile kile nilichokuwa nimemwambia kwamba kinakufa. Dada alinikanyaga kidole cha mguu. Nilidhani ananitia moyo.

"Na kwako, tata, hutaona pengo lolote," nikasema. "Ukiwa nao saba, mmoja hata hutamkosa!"

Hapo hata mkewe alinyamaza.

Ng'ombe wa mtu hawahesabiwi. Mwenyewe hawahesabu kwa sauti, seuze mgeni, seuze mgeni aliyekuja kuomba mmoja. Kuwataja saba ni kama kuwaitia jicho baya ukilionyesha na mahali pa kukaa. Balozi aliamka mzima mzima, akavua kofia. Ng'ombe wa pembe moja, pale mlangoni, alinitazama kama mtu aliyesikia akitajwa kwenye baraza.

"Sikusema saba," nikasema. "Nilisema wengi. Yaani sikuona hata mmoja, tata. Mimi sijui kuhesabu, niliacha shule mapema."

Mzee akaokota mbuni nyingine kikapuni. Jasho likanitoka. Nilitafuta kichwani ahadi kubwa kuliko zote, kubwa kuliko ndama na senene na paa la nyumba, nikaipata, nikaitoa:

"Tata, ukitaka nitakuja nikae hapa siku nzima, asubuhi mpaka jioni, nikusikilize wewe tu, nisitie neno hata moja!"

Aliyecheka kwanza alikuwa dada yangu. Binti ambaye kichekesho cha leo alikicheka keshokutwa, hiki alikicheka hapo hapo, akaanguka ubavu kwenye nyasi. Kisha mke wa mzee akateremka na mwimo wa mlango mpaka akakaa chini, mara ya kwanza kumwona amekaa, anajipiga mapaja na kusema, "Siku nzima! Mimi nimeolewa naye miaka thelathini sijaweza hata saa moja!" Balozi alicheka kwa kukohoa. Mimi nilicheka pia, kwa woga, na zile mbuni zilizokuwa shavuni zikaingia njia isiyo yake, nikapaliwa, wakanipiga mgongoni, na kwa muda huo wote sikuweza kusema.

Ndani ya muda huo dada alijifuta machozi akasema:

"Tata, yule wa pembe moja. Wenzake walipogombania chumvi, yeye alikaa nyuma. Anaumwa, au ana mimba?"

Mzee alimgeukia. Akamjibu mara moja.

"Ana mimba. Mwezi wa tano."

"Basi hatuwezi kumwendesha mbio."

"Hamwezi."

"Siku tatu mpaka Kaagya?"

"Tatu zinatosha. Mlale Rwamishenye, pana maji."

"Pembe ilivunjikaje?"

"Alikuwa na haraka ujanani," akasema mzee. "Sasa hana."

Niliwatazama, huyu kisha yule. Walikuwa wanamzungumzia yule ng'ombe kana kwamba alikwisha kuwa wetu tangu juzi.

"Samahani," nikasema, nikiwa bado nakohoa, "kwani..."

"Kaka, tafuna kahawa," akasema dada.

Nikatafuna. Na mzee, kwa mwendo wa mtu anayeshuka kilima akiwa amebeba mtungi, akaanza kunisemesha.

"Kijana. Ulipoingia ulisema umekuja kuomba ng'ombe. Ulisema wewe ni mtoto wa nani. Hapo nilikwisha kukubali."

Alinyamaza. Nilitafuna kwa nguvu.

"Nilikuwa nafikiria yupi," akasema.

Mke wa mzee akapiga vigelegele, sijui vya nini, nadhani vya aibu yangu. Lakini hakusahau kazi. "Haya, na ahadi zake?" akauliza. "Mimi nimesikia kwa masikio yangu. Senene nimesikia."

Na balozi, ambaye nilidhani alilala, akainua mikono yake miwili akaanza kukunja vidole: ndama watatu, samli, senene, rubisi mtumbwi mmoja, kupalilia, kuezeka, mikungu kumi na miwili. Vidole vilipokaribia kwisha aliniuliza kwa upole kama naweza kumwazima mkono mmoja.

Mzee akafikiri tena. Safari hii sikusema. Niliweka kinywani mbuni sita kwa mpigo, na naapa kimya kile kilikuwa kirefu kuliko vyote vya kwanza, jogoo aliingia ndani, akatembea mpaka chini ya kigoda, akaona hakuna jambo, akatoka. Mwishowe mzee akasema ndama wa kwanza ni wake kama ilivyo desturi. Senene, kama wapo, kikapu kimoja, kwa ajili ya amani ya nyumba yake. Hayo mengine alinirudishia.

"Isipokuwa moja," akasema. "Ile siku."

"Siku gani, tata?"

"Ya kunyamaza. Hiyo naitaka. Mimi na baba yako tulipokuwa vijana tulitoka hapa na kahawa kichwani kwenda mjini. Iko habari ya safari ile. Kuna neno alilosema baba yako njiani. Wewe, mtoto wake mkubwa, unapaswa kulijua. Lakini ni ndefu, na mimi huisema polepole, na nikikatizwa huanza upya, maana sijui kuingilia katikati."

Nilimwambia nitakuja mwezi ujao. Nilimwambia kwa maneno mengi.

Kamba akampa dada.

Safari ya kurudi ilikuwa ya ajabu. Tulipotoka uani ng'ombe alitembea vizuri hatua ishirini. Nikamwambia balozi, "Umeona? Nilikuambia kama ni maneno..." na ng'ombe akasimama. Akapanua miguu ya nyuma kidogo, akainamisha kichwa, akatulia. Tulimvuta. Tulimsukuma. Nilimbembeleza, na kadiri nilivyombembeleza ndivyo alivyozidi kutulia, anatafuna taratibu, macho nusu. Tulikaa pale mpaka nikachoka kusema, nilipochoka akaondoka. Nikafurahi, nikasema, "Haya, sasa twende," akasimama tena.

Dada alifikiri kutoka Izigo mpaka karibu na Muhutwe, ndipo akatoa jibu. Bila shaka mke wa mzee ndiye aliyekuwa akimkama ng'ombe huyu miaka yote, na kwa alivyo, huwa anamkama huku anasema. Kwa hiyo ng'ombe akisikia mtu anasema bila kituo, anajua ni saa ya kukamuliwa, anasimama.

Balozi alikaa kwenye ukingo wa barabara akacheka mpaka akavua viatu.

Na ndivyo nilivyotembea siku tatu, Redio wa Kaagya, nimefumba mdomo kwa amri ya ng'ombe. Watu walinisalimu, nikainua mkono. Pale Rwamishenye, kwa shangazi yetu, majirani walikuja kunisikiliza, maana sifa zangu zilikuwa zimefika mpaka madukani, nami nilimwonyesha ng'ombe kwa kidole kisha nikaonyesha mdomo wangu. Mwenye duka wa jirani, bwana mmoja mwenye asili ya pwani, alimwuliza shangazi kama nimeugua koo, akanipa tangawizi. Niliitafuna. Siku ya tatu nilianza kusikia vitu: kwato, kamba ikisugua mkono wa dada, na dada mwenyewe, ambaye kumbe alikuwa anaimba kwa sauti ndogo sana, na ambaye huenda alikuwa anaimba hivyo miaka yote.

Nyumbani mambo yaligeuka. Alipozaa, ng'ombe hakutoa maziwa kwa dada wala kwa jirani. Walimkama kimya, akakaza. Nilipochuchumaa mimi nikaanza kumweleza habari za mkutano wa kijiji, nani alilala na nani alipiga makofi bila kuelewa, maziwa yakashuka mpaka povu likapanda ukingoni. Kwa hiyo nisemwe vibaya, lakini wadogo wangu walinenepa kwa maneno yangu. Samadi haikuhitaji maneno. Tuliizika shinani, mgomba kwa mgomba, na ilipofika mvua za pili majani yalikuwa meusi kwa ukijani na mashina yamenenepa hata ukiyakumbatia mikono miwili haishikani.

Mwaka ulipotimia baba mkubwa alirudi na wazee wawili wa ukoo. Alizunguka kibanja, mikono nyuma. Hakuona cha kusema, lakini alikuwa ametoka mbali na hakutaka kurudi mtupu. Akaketi.

"Migomba ni mizuri," akasema. "Lakini watoto wanahitaji nyumba yenye watu wazima. Mtaweza?"

Alikuwa ananitazama mimi. Nilikuwa na majibu, nilikuwa nayo kama gunia lililofunguka. Lakini dada alikuwa amepitisha kikapu cha kahawa, na aliponifikia alinimwagia kiganja kizima. Nikaelewa. Nikajaza mdomo. Kwa hiyo ikabidi dada ndiye ajibu.

Dada akafikiri.

Baba mkubwa akangoja. Akakohoa. Akatazama paa. "Sikusema waondoke leo," akasema.

Dada akafikiri.

"Hata yule mdogo anaweza kusubiri amalize darasa."

Mbuni zilikuwa zinanichoma ulimi kwa uchungu wake, machozi yananitoka. Mzee mmoja wa ukoo, aliyeyaona machozi, akamwambia baba mkubwa kwa kunong'ona, "Unamliza kijana."

"Basi wote wawili wamalize shule," akasema baba mkubwa upesi. "Hapa hapa. Nani alisema wagawanywe? Na huyu binti, mume atajitafutia mwenyewe, kwani kuna haraka gani?"

Waliaga. Walipofika barabarani, dada akafungua mdomo akasema, "Tutaweza." Alikuwa anajibu swali la kwanza. Nilitema kahawa, nikapiga kelele iliyoleta majirani, nikamzungusha dada uani mpaka tukaanguka wote wawili kwenye rundo la samadi, wadogo wakaja wakaanguka juu yetu kwa makusudi, na ng'ombe, aliponisikia, akasimama, akapanua miguu, akangoja kukamuliwa.

Ndama wa kwanza nilimpeleka Izigo mwenyewe. Senene nilipeleka, kikapu kimoja, na kila msimu baada ya hapo. Iliyobaki ni ile siku.

Nilikwenda kuilipa mara nne mzee akiwa hai. Nilikaa kwenye nyasi asubuhi, mdomo umejaa kahawa, na mzee akaanza: mimi na baba yako tulitoka hapa kabla ya jua. Mara ya kwanza nilifika kwenye kilima cha kwanza nikasema, "Kile chenye miti?" Akarudi mwanzo. Mara ya pili ni mkewe aliyeingilia, nami nikamjibu. Mara ya tatu nilifika mbali, mpaka mtoni, nikiwa nimekabwa na mbuni kumi, nikazimeza zote kwa furaha ya kuwa nimefika mbali, na mdomo ulipobaki mtupu ukasema wenyewe, "Kumbe nami naweza!" Mara ya nne alikuwa mgonjwa, sikutaka kumchosha, nikamsimulia mimi habari za kwetu ili apumzike. Alitabasamu kwa muda mrefu. Sijui alikuwa anafikiria nini, maana alifariki kabla hajaniambia.

Lakini habari haikufa. Dada alikuwa ameolewa kwenye ukoo ule ule wa Izigo, na mtu anayemaliza vitu taratibu aliimaliza: alimsikiliza mzee tangu asubuhi mpaka jioni, mara moja tu, akaipokea yote. Nilimwomba anipe lile neno la baba, neno tu, habari aiache. Alifikiri siku mbili. Akasema deni halikuwa la mzee peke yake, na neno lile bila njia yake halina maana, na sharti ni lile lile, nikikatiza anaanza upya.

Sasa mimi ni mzee wa kigodani, wadogo wangu wana wajukuu, kibanja kimesimama. Ninapanda gari kwenda Izigo kila mwaka, na kahawa mfukoni. Dada huwa amenitandikia nyasi. Mwaka jana nilifika mbali kuliko nilivyowahi kufika. Tulivuka kilima, tukavuka mto, jua lilikuwa limekwisha kugeuka, na mashavu yangu yalikuwa bado yamejaa. Tulifika pale ambapo baba alilitua gunia kutoka kichwani, akafuta jasho, akamgeukia rafiki yake, akafungua mdomo.

Nami nikafungua wangu.